Mazungumzo Baada ya Habari: Mizani, Moyo na Mgonjwa Aliyerudi Nyumbani



Kila mwaka, tarehe 29 Septemba, mataifa huadhimisha Siku ya Moyo Duniani. Siku hiyo hotuba hutolewa, watu hutembea kwa makundi barabarani, na wauguzi huwapima wananchi shinikizo la damu bila malipo. Mambo hayo ni mema na yanastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale yasemwayo siku hiyo huwahusu watu ambao bado hawajaugua. Katika mazungumzo yetu ya leo tungependa kumtazama mtu mwingine, ambaye mara nyingi husahauliwa: yule aliyekwisha kupatwa na maradhi ya moyo, akalazwa, akatibiwa, akanusurika, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Je, akishavuka lango la hospitali, ni nani amwongozaye? Na huo mwili alionao, uwe mzito au uwe umekonda, unamsaidia au unamzuia kupona?

Swali hilo si dogo kwa nchi zetu hizi. Mwaka 1912 au mwaka 1950 lingeweza kuonekana kuwa ni swali la Wazungu matajiri. Leo sivyo. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa juu ya wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi yake, katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Uganda na Kenya zikiwa miongoni mwao. Wastani wa umri wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 52. Huko Ulaya na Marekani, ugonjwa huo huo huwalaza zaidi wazee waliopita miaka 70. Sababu iliyoongoza katika nchi zetu ilikuwa shinikizo la damu, ambalo lilikutwa kuwa chanzo kwa karibu nusu ya wagonjwa hao. Maana yake ni dhahiri. Maradhi haya yanamwangusha kwetu mtu ambaye bado anasomesha watoto, bado analima, bado anaendesha gari la abiria, bado anashika chaki mbele ya darasa. Akishindwa kurudia kazi yake, nyumba nzima huanguka pamoja naye.

Haikuwa hivyo zamani. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi ya utabibu Afrika Mashariki tangu mwaka 1929 na kufundisha kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago hapa Kampala, aliona kwamba ugonjwa wa kuziba kwa mishipa ya moyo ulikuwa haba mno miongoni mwa Waafrika aliowatibu. Mwaka 1956, baada ya zaidi ya robo karne ya kazi, ndipo yeye na mwenzake walipochapisha katika jarida la utabibu la Afrika Mashariki habari za mgonjwa mmoja tu Mwafrika wa aina hiyo, na habari hiyo ikahesabiwa kuwa ni jambo la kustaajabisha. Mwaka 1960 wataalamu walilinganisha uchunguzi wa maiti 632 uliofanywa Uganda na maiti wengine 632 wa umri na jinsia ile ile waliochunguzwa katika mji wa St. Louis, Marekani. Katika wale wa Marekani, 136 walikutwa na alama za sehemu ya moyo iliyokufa kwa kukosa damu. Katika wale wa Uganda alikutwa mmoja.

Mmoja kwa 136! Hapana shaka kwamba tofauti hiyo haikuletwa na rangi ya ngozi. Watu wale walikuwa wakitembea kwenda shambani, kisimani na gulioni. Walikula ndizi, mtama, maharage na mboga. Na sukari, chumvi na mafuta vilikuwa vitu vya kununuliwa kwa kiasi kidogo. Tangu wakati huo maisha yamegeuka. Jembe limeachwa kijijini na kiti cha ofisi kimeshikwa mjini. Safari ya nusu saa kwa miguu sasa ni safari ya dakika tano juu ya pikipiki. Viazi vya kukaanga katika mafuta yaliyochemshwa mara nyingi, soda ya baridi na chai ya vijiko vinne vya sukari vimekuwa chakula cha kila siku cha watu wengi wa mijini. Mwili umeitikia mageuzi hayo kwa namna ambayo mwili huitikia siku zote: umeongezeka uzito, na shinikizo la damu limepanda pamoja nao.

Sasa na tumfuate mgonjwa wetu nyumbani. Wahenga walisema: Mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo imejaa huruma. Hufundisha kwamba mtu aliyedhoofika asingojewe aombe, aletewe. Lakini katika nyumba nyingi huruma hii imevuka mpaka wake. Aliyetoka hospitali kwa ugonjwa wa moyo hutandikiwa kitanda, hukatazwa kuinua hata ndoo ya maji, na jamaa wanapokuja kumjulia hali huja na nyama ya kuchoma, mandazi na soda. Akinenepa, watu hushukuru Mungu na kusema kuwa amepona. Akikonda, minong'ono huanza.

Minong'ono hiyo ina historia yake, nasi hatuna budi kuitaja waziwazi. Katika miaka ya 1980, ukimwi ulipoanza kuua watu katika wilaya ya Rakai na sehemu nyingine za Uganda, wananchi waliuita silimu, yaani ugonjwa wa kukonda. Waganga nao walilitumia jina hilo walipoandika habari zake katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1985. Tangu wakati ule, kupungua uzito katika nchi zetu kumebeba kivuli cha kaburi na cha aibu. Leo dawa za kufubaza virusi zimewarudishia maelfu ya watu afya na nguvu, lakini kivuli kile hakijaondoka kabisa. Daktari anapomwambia mgonjwa wa moyo apunguze kilo kumi, mgonjwa huyo hufikiri pia juu ya macho ya majirani. Wengi huona afadhali wabaki wanene, waonekane wazima, kuliko wakonde wakiulizwa maswali. Mpango wowote wa kuwarejeshea nguvu wagonjwa wa moyo katika nchi zetu ambao hautalizungumza jambo hili pamoja na jamaa wa mgonjwa utakuwa unajenga juu ya mchanga.

Wasikilizaji wapenzi, si sisi peke yetu tulioamini kwamba moyo uliougua huponywa kwa kulala. Waganga wenyewe waliamini hivyo kwa muda mrefu. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo aliamriwa alale kitandani kwa majuma sita au zaidi, na mara nyingine hakuruhusiwa hata kujilisha mwenyewe. Wengi walikufa kwa damu iliyoganda miguuni ikapanda mapafuni. Mwaka 1952 madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walitangaza kwamba walikuwa wamewakalisha wagonjwa wao juu ya kiti cha mikono, muda mfupi baada ya kuugua, na kwamba wagonjwa hao hawakudhurika kama ilivyohofiwa. Jambo hilo la kumtoa mtu kitandani na kumkalisha kitini leo laonekana dogo, lakini wakati ule lilikuwa mapinduzi.

Miaka mitatu baadaye dunia nzima iliyaona mapinduzi hayo. Tarehe 24 Septemba 1955, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipatwa na mshtuko wa moyo mjini Denver. Daktari Paul Dudley White, mmoja wa mabingwa wa moyo wa siku zile, aliitwa kumtazama. Daktari huyo aliamini sana mwendo wa miguu na baiskeli, na hakukubali kwamba rais ageuzwe kuwa mtu wa kitandani kwa maisha yake yote. Eisenhower alitoka hospitali mwezi Novemba, akarudia kazi yake hatua kwa hatua, akaurudia na mchezo wake wa gofu, na mwaka 1956 akachaguliwa tena kuongoza nchi yake. Aliishi hata mwaka 1969. Kwa mara ya kwanza watu wa kawaida walitambua kwamba mtu anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo kisha akarudi kufanya kazi nzito ya akili na mwili.

Ushahidi wa kisayansi ulifuata. Mwaka 1966, katika mji wa Dallas, vijana watano wenye afya, kila mmoja wa umri wa miaka 20 hivi, walikubali kulala kitandani kwa majuma matatu mfululizo. Walipoinuka na kupimwa, uwezo wa miili yao kutumia hewa wakati wa kazi ngumu ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Baada ya miaka 30, mwaka 1996, wanaume hao hao watano walitafutwa na kupimwa tena. Ikadhihirika kwamba majuma matatu ya kulala yalikuwa yamewadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka! Na tuangalie habari za uzito wao. Katika miaka hiyo 30 walikuwa wameongezeka kutoka wastani wa kilo 77 hadi kilo 100 hivi. Kisha wakapewa mazoezi ya miezi sita, ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli. Uzito wao ulipungua kilo chache tu. Hata hivyo, nguvu zile za kutumia hewa ambazo umri ulikuwa umewanyang'anya zilirudi zote kufikia kiwango cha ujana wao kabla ya kulazwa.

Hapo pana fundisho kubwa. Mizani ilionyesha mabadiliko madogo, lakini ndani ya mwili mambo makubwa yalikuwa yametokea. Mgonjwa anayetembea kila siku kwa miezi mitatu, kisha akapanda juu ya mizani na kukuta amepungua kilo mbili tu, asikate tamaa na kusema kwamba amepoteza wakati wake.

Mfano mwingine watoka London. Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji huo. Dereva alikaa mchana kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Makondakta walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Mwaka 1956 Morris alifuatilia jambo hilo kwa namna ya werevu: alichunguza vipimo vya sare walizoshonewa wafanyakazi hao, akakuta kwamba suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni, hata kwa vijana waliokuwa ndio kwanza wameajiriwa. Kwa hiyo ilionekana kwamba mnene alikuwa akielekea kazi ya kukaa, na kazi ya kukaa nayo ikamwacha bila kinga ya mwendo. Kitambaa cha suruali kilikuwa kimesema jambo ambalo mizani peke yake haikulisema.

Kutokana na maarifa kama hayo ndipo ilipozaliwa mipango ya kuwarejeshea nguvu wagonjwa wa moyo, ambayo siku hizi wengine huiita huduma za utengemao. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 1964 kwamba shabaha yake ni kumwezesha mgonjwa, kwa juhudi zake mwenyewe, kurudi katika nafasi yake ya kawaida katika jamii. Mpango wa namna hiyo huanza mgonjwa akiwa bado hospitalini, pale anapoketishwa na kutembezwa hatua chache. Huendelea kwa muda wa majuma 12 hivi, ambapo mgonjwa huja mara kadhaa kwa juma kufanya mazoezi chini ya uangalizi, kupimwa shinikizo la damu, kufundishwa juu ya chakula na dawa, kusaidiwa kuacha sigara na kuondolewa hofu. Baada ya hapo huwa ni desturi ya maisha. Mwaka 2016 wataalamu walijumlisha majaribio 63 yaliyowahusu wagonjwa zaidi ya 14,000 wenye maradhi ya mishipa ya moyo. Walikuta kwamba mazoezi ya mipango hiyo yalipunguza vifo vitokanavyo na moyo kwa karibu robo, na kupunguza idadi ya waliorudi kulazwa kwa karibu moja ya tano.

Sasa tuifikie mizani yenyewe. Wataalamu hupima unene kwa kuchukua kilo za mtu na kuzigawa kwa urefu wake katika mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu hiyo ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 akiwa na kilo 64 hupata 25, ambapo ndipo uzito huanza kuhesabiwa kuwa umezidi. Akifika kilo 77 hupata 30, nao ndio mwanzo wa unene wa kudhuru. Kwa mtu ambaye hajaugua, kuvuka mipaka hiyo huongeza hatari ya shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo.

Lakini kwa mtu aliyekwisha kuugua moyo, waganga walikutana na kitendawili. Mwaka 2006 yalikusanywa matokeo ya chunguzi 40 zenye wagonjwa 250,152 wa mishipa ya moyo. Ikaonekana kwamba waliokonda ndio waliokufa kwa wingi zaidi, na waliozidi uzito kwa kiasi ndio waliokufa kwa uchache. Je, tuseme basi kwamba unene ni dawa? La, hasha. Wengi wa waliokonda walikuwa wamekondeshwa na maradhi yenyewe, na uzee au tumbaku, wala si kwa kujitunza. Wanene wengi nao huugua wakiwa na umri mdogo, na mtu wa umri mdogo hustahimili zaidi. Tena, hesabu ile haitenganishi kilo ya msuli na kilo ya mafuta. Mbeba mizigo mwenye mwili wa chuma na karani mwenye kitambi wanaweza kupata namba moja.

Kwa hiyo, jambo la kuulizwa ni hili: uzito umepungua kwa njia gani? Kukonda bila kukusudia, hasa kwa mtu mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, ni dalili ya hatari, na mgonjwa huyo apelekwe kwa daktari upesi. Kupungua kwa kukusudia, kwa mazoezi na chakula cha kiasi, ni jambo jingine kabisa, na chunguzi zilizotenganisha mambo haya mawili zimeonyesha kwamba kupungua kwa namna hii ya pili huenda pamoja na afya bora. Anayejinyima chakula bila mazoezi huteketeza misuli pamoja na mafuta, akabaki mwepesi lakini dhaifu. Katika jimbo la Vermont, Marekani, Daktari Philip Ades na wenzake walichapisha mwaka 2009 matokeo ya wagonjwa 74 wa moyo waliokuwa na uzito uliozidi. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kawaida ya mpango. Kundi la pili lilitembea kwa mwendo wa wastani, lakini kwa muda mrefu zaidi na karibu kila siku. Baada ya miezi mitano, kundi la kwanza lilikuwa limepungua kilo 3.7 kwa wastani, na la pili kilo 8.2. Hawakukimbia, walitembea. Bandu bandu huisha gogo.

Jambo la pili la kuulizwa ni mahali mafuta yalipokaa. Mwaka 2005 matokeo ya uchunguzi mkubwa wa nchi 52, uliowahusisha watu zaidi ya 27,000, yalionyesha kwamba ukubwa wa kiuno ukilinganishwa na nyonga hutabiri mshtuko wa moyo vizuri kuliko ile hesabu ya kilo na urefu. Mafuta yaliyozunguka matumbo na ini ndiyo yenye madhara zaidi. Kwa sababu hiyo, futi ya fundi cherehani yaweza kumsaidia mgonjwa kama mizani, na pengine zaidi. Mwanamume aanze kujihadhari kiuno kinapofika sentimita 94, na mwanamke sentimita 80. Kila sentimita inayopungua ni faida, hata kama kilo zimesimama pale pale.

Jambo la tatu ni maji. Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo hukusanya maji mwilini. Maji hayo huonekana miguuni na tumboni, na jamaa wasiojua huweza kudhani kwamba mgonjwa ananenepa na kupata nafuu, kumbe anazama. Mgonjwa wa namna hii apime uzito wake kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi, na aandike katika daftari. Akiona ameongezeka zaidi ya kilo 2 katika siku tatu, asingoje pumzi zimwishie usiku; aende hospitali siku ile ile. Wakati wote apunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja kidogo cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika mkate na vyakula vya madukani.

Katika miaka hii ya karibuni kumetokea pia dawa za sindano za kupunguza uzito. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio la dawa iitwayo semaglutide, lililowahusisha watu 17,604 wenye uzito uliozidi na maradhi ya moyo au mishipa, ambao hawakuwa na kisukari. Waliopewa dawa hiyo walipungukiwa kwa moja ya tano na hatari ya kufa kwa moyo, kupata mshtuko wa moyo au kupata kiharusi. Hiyo ni hatua kubwa ya sayansi. Lakini bei yake ingali mzigo mzito kwa mwananchi wa kawaida wa nchi zetu, na hakuna sindano inayomfundisha mtu kutembea, kupika, au kuishinda hofu yake.

Tunaingia sasa katika wajibu wetu kama mataifa. Serikali za Afrika Mashariki zimefanya kazi ya kusifiwa katika kujenga vituo vya kutibu moyo. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1988. Jirani zetu wa Tanzania wanayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Wagonjwa ambao zamani walichangiwa fedha wapelekwe ng'ambo, sasa wengi hutibiwa nyumbani. Hata hivyo, kuzibua mshipa au kubadili mlango wa moyo ni nusu ya safari. Uchunguzi wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mipango ya kuwarejeshea nguvu wagonjwa wa moyo ilikuwapo katika takriban nusu tu ya nchi za dunia, na bara letu ndilo lililokuwa nyuma kabisa.

Upungufu huo hautokani na ukosefu wa mitambo ya thamani. Njia mojawapo inayoaminika ya kupima nguvu za mgonjwa wa moyo ni kumtembeza kwa dakika sita na kupima umbali aliokwenda. Kinachotakiwa ni ukumbi wa mita 30, saa, kiti cha kupumzikia, na muuguzi aliyefundishwa. Ni hospitali gani ya wilaya isiyo na ukumbi? Tukiongeza mizani, futi, kipimo cha shinikizo la damu na daftari, tumekwisha kuanza.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yafaa kufanywa bila kuchelewa. Kwanza, asitoke mgonjwa yeyote wa moyo hospitalini bila maelezo yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa, yakimweleza atembee kiasi gani, ale nini, apime uzito lini, na dalili gani zimrudishe hospitali. Na maelezo hayo asomewe pamoja na mke, mume au mtoto atakayempikia. Pili, wauguzi na wataalamu wa viungo wa hospitali za wilaya wafundishwe kazi hii, ili mtu wa Gulu au Kabale asilazimike kusafiri hadi Kampala kujifunza kutembea. Tatu, waajiri, wa serikali na wa makampuni, wampokee mfanyakazi anayerudi kutoka katika ugonjwa wa moyo kwa kumwongezea kazi hatua kwa hatua. Kumfukuza ni hasara, na kumtwika mzigo wote siku ya kwanza ni ukatili.

Na jamaa wa wagonjwa nao wana sehemu yao. Uji na upelekwe, kama wahenga walivyoagiza, ila uwe uji wa sukari kidogo. Soda ibaki dukani. Jirani akiuliza kwa nini baba fulani amepungua, ajibiwe bila aibu kwamba baba anatembea kila asubuhi kwa amri ya daktari. Na mgonjwa mwenyewe, akishapata idhini ya daktari wake, aanze kwa dakika tano au kumi, kwa mwendo ambao bado unamruhusu kuzungumza na mwenzake, kisha aongeze kidogo kidogo hadi nusu saa kwa siku. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, asimame na aonane na daktari.

Mizani ni shahidi mzuri, lakini si hakimu. Kipimo cha kupona kwa mgonjwa wa moyo ni kama anaweza tena kupanda kilima kwenda kanisani au msikitini, kushika jembe lake au chaki yake, na kuketi na watoto wake jioni bila ya hofu. Mtu wa namna hiyo, hata akiwa bado na kilo chache za ziada, amekwisha kuanza kushinda. Kazi yetu sote ni kuhakikisha kwamba hatembei peke yake.